Leza ya kidevu: mashine safi, maelekezo nusu

Nimemaliza awamu ya tatu ya kuondoa ndevu kwa leza, kliniki moja hapa Dar. Mashine ni Nd:YAG, aina ya leza yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, salama zaidi kwa weusi wangu huu. Hapo nawapa tano. Ila mara ya kwanza hakuna aliyeniambia nising'oe! Nilikuwa nimeng'oa kwa uzi wiki moja kabla, na leza huufuata mzizi. Mzizi usipokuwepo, hela imeliwa. Kumbe ni kunyoa tu kwa wembe jana yake.

Jioni kidevu kilitoka vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Nikakikanda kwa kitambaa cha maji baridi, liwa na manukato nikaviweka kando, juani losheni ya kukinga jua, SPF 50. Siku ya kumi vinyweleo vikaanza kudondoka, vikibaki kwenye taulo kama pilipili manga.