Miaka minne na ONIX, DocBook na TEI: uzoefu wangu katika uchapishaji mdogo

Nianze na jedwali lililoniponza. Tulipopata msambazaji wa nje wa kutuuzia vitabu mtandaoni, aliomba orodha yetu, nasi tukampelekea faili la Excel kama tulivyozoea kuwapelekea wenye maduka hapa Dar es Salaam. Safu ya bei iliandikwa 15,000 bila neno jingine, maana hapa nani atauliza elfu kumi na tano za nini? Safu ya ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, Excel ilikuwa imeikunja ikawa 9.78E+12 kwa vitabu vyote kumi na kimoja. ISBN wenzetu wakazisoma kwenye picha za jalada la nyuma. Bei hawakuwa na pa kuisoma. Wiki mbili baadaye diwani yetu ya mashairi, kitabu cha kurasa 96, ilikuwa inauzwa pauni 15,000. Mshairi mwenyewe ndiye aliyenitumia picha ya skrini, akicheka. Mimi sikucheka.

Nilipolalamika, msambazaji alinijibu kwa sentensi moja: tuleteeni ONIX, yaani taarifa za vitabu (jina, mwandishi, bei) zilizoandikwa kwa XML ili mashine za wauzaji zizisome. Ndivyo nilivyoingia kwenye XML, kwa mlango wa biashara, kabla hata sijafikiria kuitumia kwa vitabu vyenyewe. Imeshafika miaka minne, na kwa kuwa wachapishaji wadogo wenzangu wananiuliza kila mara, naandika hapa nilichokiona.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: XML ni namna ya kuandika huku kila kitu ukikiita kwa jina lake, ndani ya mabano yenye ncha. W3C, shirika la viwango vya wavuti, waliitangaza rasmi tarehe 10 Februari 1998, kama ndugu mwepesi wa SGML, lugha kongwe ya namna hiyohiyo ambayo ni kiwango cha ISO cha mwaka 1986. Ukiandika kichwa cha sura kwenye Word kwa kukikuza na kukikoleza wino, mashine inakumbuka ukubwa na wino tu. Kwenye XML inakumbuka kwamba hiki ni kichwa cha sura, na ukubwa wake utauamua baadaye, mahali pengine, mara moja kwa kitabu kizima. (Hata faili la docx ni XML ndani yake. Libadilishe jina liwe zip, ulifungue ujionee. Lakini ile ni XML ya kuhifadhi ulivyopamba, na ndiyo maana haitusaidii sana.)

ONIX for Books inasimamiwa na EDItEUR, shirika lenye makao London, na familia ya toleo la 3 ilianza mwaka 2009. Haina ada. Unapakua maelezo pamoja na orodha za misimbo, kisha unakaa nazo. Kitabu cha jalada laini ni BC, cha kupakua ni ED, mwandishi ni A01, lugha ya matini ni swa. Bei ina nafasi ya kiasi, nafasi ya sarafu na nafasi ya nchi inakohusika, na lazima useme kama kodi imo au haimo. Kwa hiyo ile 15,000 yangu ikawa 15000, TZS, TZ. Mkato wa elfu haukubaliwi kabisa, na siku ya kwanza nilikasirika kwa hilo, nikidhani ni ukorofi. Kumbe kuna nchi ambako mkato ni alama ya desimali, na mtu wa huko angeisoma bei yangu kuwa kumi na tano.

Kitu kilichonifurahisha ni majina ya watu. Fomu nyingi za mtandaoni zinakulazimisha uandike jina la ukoo. Mwandishi wetu ana jina lake, la babake na la babu yake, na hakuna hata moja ambalo ni la ukoo kwa maana wanayoitaka wao. ONIX haiulizi ukoo. Inakuuliza sehemu ya jina ambayo itatumika kupanga orodha, na kama hutaki kuligawa, unaliandika lote kama lilivyo. Waliotunga hili walikaa na watu wa nchi nyingi, inaonekana.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kitu kiitwacho RecordReference. Nilidhani ni kama namba ya barua, nikawa kila mwezi naongeza tarehe mpya mwishoni. Maana yake halisi ni utambulisho wa kumbukumbu ya kitabu hicho, na haubadiliki hadi kiama. Mwezi wa tatu kila kitabu chetu kilikuwa kimesajiliwa mara tatu kwa msambazaji, kimoja kina picha, kingine hakina, cha tatu kina bei ya zamani. Kufuta kulichukua muda mrefu kuliko kusajili. Ukisoma mapitio haya ukaondoka na jambo moja tu, liwe hilo.

Faili la kwanza lilinila wiki tatu. Siku hizi natoa la mwezi kwa komandi moja, naligonganisha na skima, yaani faili la kanuni za muundo wake, nikiona kimya nalituma. Bei za pauni elfu kumi na tano hazijarudi.

Sasa vitabu vyenyewe. Hapa sifa zangu zinapungua kidogo.

Kilichonisukuma ni toleo la pili la kitabu chetu cha uraia. Masahihisho ya toleo la kwanza yalifanywa ndani ya faili la mpangaji kurasa, usiku wa mwisho kabla ya kwenda kiwandani, kama kawaida yetu. Mswada wa Word ulibaki na makosa yake. Tulipotaka kutoa kitabu-pepe, aliyepewa kazi akachukua Word, na makosa yote yaliyokwisha kufa yakafufuka. Nikaapa: kuanzia sasa kuna faili moja tu lenye kauli, na karatasi na EPUB, yaani faili la kitabu-pepe, vyote vitoke humo.

Nikachagua DocBook, seti ya majina ya XML ya kuandikia kitabu chenyewe. Ilizaliwa mwaka 1991 kwa ajili ya vitabu vya kompyuta, O'Reilly, wachapishaji wa vitabu hivyo, wakiwa miongoni mwa walioianzisha, na leo iko chini ya OASIS, shirika la viwango. Harufu ya mafundi haijaitoka. Ina tagi (yale majina ya ndani ya mabano) za komandi, za vitufe na za ujumbe wa hitilafu, mambo ambayo kitabu cha uraia hakina haja nayo. Lakini sura, aya, tanbihi, jedwali na faharasa vimepangwa vizuri mno. Faharasa peke yake ililipa jasho langu: unatia alama kwenye neno mahali lilipo, na namba za kurasa zinajihesabu zenyewe. Toleo la kwanza tulizihesabu kwa kidole, watu wawili, siku nne, na bado zilikosewa.

Programu zote nilizotumia ni za bure: xmllint ya kukagua, Saxon ya kugeuza, Apache FOP ya kutoa PDF. Zinafanya kazi bila intaneti, jambo ambalo anayenunua bando kila siku atalithamini. FOP ndiyo dhaifu kati yake. Sikuwa na kanuni za kukata maneno ya Kiswahili mwishoni mwa mstari, na maneno yetu yanayobeba nafsi, njeo na mtendwa kwa pamoja ni marefu, kwa hiyo kurasa zikatoka na mapengo kama meno ya mtoto wa miaka sita. Nilipojiandikia kanuni, ikaanza kukata ng'ombe kati ya ng na ombe. Hatimaye nimekubali: kwa vitabu vya maelezo FOP inatosha, ila ukurasa wa jina na jalada bado nampa msanifu wetu na programu yake ya kulipia.

Hicho kialama cha ng' kinastahili aya yake. Word hukipinda chenyewe, mara kulia, mara kushoto, na mwandishi mwingine anakiacha kimesimama wima. Kwa macho hakuna anayejali. Kwa kompyuta hizo ni herufi tatu tofauti, na msomaji akitafuta ng'ambo kwenye kitabu-pepe anaambiwa haimo, wakati imo mara arobaini. Kibaya zaidi, programu yangu ndogo ya kutengeneza ONIX ilikuwa inafunga thamani kwa alama hiyohiyo ya wima. Siku jina la kitabu lilipokuja na ng' ndani yake, XML ikadhani thamani imekwisha katikati ya neno, ikakataa faili zima. Ndivyo ilivyo: hitilafu moja ya namna hiyo na programu inayosoma XML inatakiwa kusimama palepale, isibahatishe. Inaudhi usiku wa manane. Lakini Excel ilibahatisha kwa miaka mingi, na nimeshasimulia matokeo yake.

Mashairi yalinishinda kwenye DocBook. Nilihamia TEI, seti nyingine ya majina ya XML, mradi ulioanza mwaka 1987 kwa ajili ya wanazuoni wa matini, na hapo nikakuta nyumba. Kuna tagi ya ubeti, tagi ya mshororo, na tagi ya mapumziko katikati ya mshororo, pale ukwapi unapoisha na utao kuanza. Tarbia ikakaa ndani yake bila kubanwa.

Nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Kwa kuwa vipande sasa vilikuwa vimetenganishwa, niliandika kikaguzi cha kuhesabu mizani: kila kipande, irabu nane. Mara ya kwanza kililalamikia nusu ya kitabu, kwa sababu m ya mtu ni silabi kamili na haina irabu. Nikakifundisha hilo. Kisha kikakwama kwenye mbuzi na mbunge: mwanzo wa herufi zilezile, irabu mbilimbili, lakini mbuzi ina mizani mbili na mbunge ina tatu. Hilo halifundishiki kwa herufi, linajulikana kwa sikio. Mwishowe vilibaki vipande tisa vya kuvitazama kwa macho. Sita vilikuwa vya aina ya mbunge, viwili mshairi alisema aliviacha hivyo kwa makusudi, na kimoja kilikuwa kimepoteza neno "na" tangu toleo la kwanza. Mshairi alinyamaza kwenye simu, kisha akasema, "Na mimi mwaka mzima nadhani ni uzee."

EPUB ilinisumbua kwa jambo dogo la kijinga. Ni zipu ya kawaida yenye kurasa za XHTML, kama zile za wavuti, ila faili liitwalo mimetype lazima litangulie na lisibanwe. Nilizipu kwa kubofya tu, na epubcheck, programu ya kukagua EPUB, ikanikatalia jioni nzima kabla sijasoma ujumbe wake kwa utulivu.

Gharama ya kweli ilikuwa watu. Mhariri wetu ni mama mtu mzima aliyesahihisha vitabu tangu zama za taipureta. Nilimfungulia faili la TEI kwenye skrini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu, hili ni shairi au senyenge?" Nilijaribu kumfundisha kwa mwezi mmoja, nikaona namdhalilisha bure. Tukakubaliana: mimi namchapia PDF, yeye anasahihisha kwa kalamu nyekundu, mimi naingiza. Ina maana nikiugua kazi inasimama, na hilo sijalipatia dawa.

Kwa hiyo hukumu yangu haiko sawa kwa vyote. ONIX anza nayo hata ukiwa na vitabu vitatu, mradi unauza nje ya mtaa wako. DocBook chukua kama kitabu chako kitarudi kiwandani mara ya pili na ya tatu. Kwa riwaya itakayochapwa nakala mia tano na kuishia hapo, Word na mpangaji kurasa mzuri watakutosha, na utalala usingizi. TEI ni kwa mwenye mashairi au miswada ya kale na subira ya kutosha. Ukimkuta mtu anakuuzia zote tatu kwa bei ya semina ya siku mbili, mwulize kwanza kuhusu RecordReference.

Toleo la pili la diwani limeingia kiwandani juzi, lile "na" likiwa limerudi mahali pake. Kwenye ONIX limeandikwa 15000, TZS, TZ. Nililikagua mara tatu, kisha nikamchapia mama mhariri ukurasa ule mmoja wa senyenge, naye akaizungushia bei duara jekundu na kuandika pembeni: sawa.