Kenya Law kwa anayefuatilia kesi za uhuru wa kusema mtandaoni: nzuri, bure, na ina mitego

Mtu akikamatwa Nairobi kwa sababu ya alichoandika Facebook au X, muda si mrefu makundi ya WhatsApp hujaa namba za vifungu. Nyingine ni za vifungu vilivyokwisha kufutwa na mahakama, nyingine ni za vifungu vilivyo hai lakini vimenukuliwa nusu. Pa kuhakikisha ni Kenya Law, tovuti ya Baraza la Taifa la Kuripoti Sheria, taasisi ya umma iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ina hukumu, sheria za Bunge na Gazeti Rasmi la Serikali, na kusoma hakulipiwi. Kwa mwandishi wa habari, mwanaharakati, mwanablogu au mwanafunzi wa sheria, hakuna huduma nyingine nchini inayoikaribia. Ila ina mahali pa kukwaza, na anayekwaa hapo anaweza kumshauri mwenzake vibaya katika jambo linaloweza kumfunga miaka kumi.

Mtego mkubwa uko kwenye maandishi ya sheria yenyewe. Msomaji hufungua Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao, anaona kifungu kimeandikwa, anahitimisha kwamba kinatumika. Si lazima iwe hivyo. Jaji hana kalamu ya kufuta maneno ya Bunge kwenye kitabu. Anatoa tamko au amri, na amri hiyo inakaa kwenye hukumu, yaani kwenye ukurasa mwingine kabisa wa tovuti. Usitegemee kwamba kila amri itaonyeshwa pembeni ya kifungu inachokigusa.

Chukua kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kilichotoza faini isiyozidi shilingi 50,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu kwa ujumbe wa "kuudhi sana", wa aibu au wa kutisha. Tarehe 19 Aprili 2016, katika shauri la Geoffrey Andare dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Ombi namba 149 la 2015, Jaji Mumbi Ngugi alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba kwa sababu maneno hayo hayakufafanuliwa: mtu hawezi kujua kabla ya kuandika kama anatenda kosa. Mwaka uliofuata zilibatilishwa pia kashfa ya jinai ya kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, katika shauri la Jacqueline Okuta mwezi Februari, na kifungu cha 132 kuhusu kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma, katika shauri la Robert Alai mwezi Aprili. Anayesoma Kanuni ya Adhabu peke yake bila kutafuta mashauri haya ameshika nusu ya habari.

Sheria ya makosa ya mtandao ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini tarehe ni muhimu. Ilitiwa saini tarehe 16 Mei 2018, ianze kutumika tarehe 30. Tarehe 29, siku moja kabla, Jaji Chacha Mwita alisimamisha vifungu 26 kwa amri ya muda katika ombi la chama cha wanablogu, BAKE. Februari 2020 Jaji James Makau akatupilia mbali ombi lenyewe, na vifungu vikarudi. Oktoba 2020 jopo la majaji watatu, katika shauri la Seneti dhidi ya Spika wa Bunge la Taifa, likabatilisha sheria 23 zilizopitishwa bila Seneti kushirikishwa, na hii ilikuwa mojawapo. Utekelezaji wa ubatilisho ukaahirishwa kwa miezi tisa, na Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi wake Novemba 2021. Kisha marekebisho ya Oktoba 2025 yalitiwa saini tarehe 15, na tarehe 22 Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu cha 27 kilichorekebishwa, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kwa kila hatua hapo kuna ukurasa wake, na katika shauri la Seneti jina la sheria ya mtandao halipo hata kwenye kichwa. Utalipata ndani, katika orodha ya sheria 23.

Kwa hiyo tumia tovuti hii kwa mpangilio huu. Anza na sheria, lakini fahamu kwamba toleo lililopitiwa upya la sheria za Kenya limebadilisha namba: iliyojulikana kama Sheria namba 5 ya 2018 sasa ni Sura ya 79C, na ile ya habari na mawasiliano ni Sura ya 411A. Tazama toleo unalosoma ni la tarehe gani kabla ya kunakili chochote. Nakili kifungu kizima pamoja na adhabu. Kifungu cha 22, kuhusu kuchapisha habari za uongo, kilivyotungwa 2018 kinataja faini isiyozidi shilingi milioni 5 au miaka 2. Cha 23, kuhusu habari za uongo zinazozua taharuki au kuharibu sifa ya mtu, faini hiyo hiyo lakini miaka 10. Cha 27 milioni 20 au miaka 10. Watu huvichanganya kila mara, hata magazetini.

Kisha hamia kwenye hukumu. Hukumu nyingi za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo andika jina la sheria kwa Kiingereza ndani ya alama za kunukuu, ukiongeza namba ya kifungu. Bila alama hizo utaletewa rufaa za wizi wa pesa kwa simu na mashauri ya talaka yanayotaja kompyuta. Ukitaka amri za muda, ongeza maneno "conservatory orders", kwa sababu hizo hutolewa kwenye uamuzi mdogo (ruling), na uamuzi mdogo ndio watu huusahau. Kichujio cha mahakama kiwe cha mwisho. Anayetafuta kesi ya Daniel Motaung, aliyekuwa mchujaji wa maudhui ya Facebook, dhidi ya Meta na kampuni iliyomwajiri, Samasource, kisha akachuja Mahakama Kuu, hataiona: uamuzi wa Februari 2023 kwamba Meta inaweza kushitakiwa Kenya ulitoka Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ile ya Abrham Meareg, kuhusu machapisho ya chuki ya Facebook wakati wa vita vya Ethiopia, ndiyo iko Mahakama Kuu; uamuzi wa mamlaka ya kuisikiliza ulitolewa Aprili 2025.

Herufi za nukuu zitakusaidia: KEHC ni Mahakama Kuu, KECA ya Rufaa, KESC ya Juu, KEELRC ya Ajira. Hukumu za zamani zina alama eKLR. Makala na vitabu vya miaka iliyopita vina viungo vya mfumo wa zamani wa tovuti. Kiungo kikigoma usidhani hukumu imeondolewa. Chukua jina la mwombaji, namba ya ombi na mwaka, utafute upya.

Hatua ya mwisho, ambayo wengi huiruka, ni kutafuta jina lile lile katika Mahakama ya Rufaa. Kifungu cha 22 na 23 hasa usiviandikie neno kabla ya kufanya hivyo. Ukifungua hukumu, nenda kwanza aya za mwisho zenye amri, ndipo urudi juu kusoma sababu. Jaji anaweza kulaumu kifungu kwa kurasa kumi na bado asikifute.

Kuna kitu ambacho tovuti haiwezi kukupa. Mashitaka mengi ya kusema mtandaoni huanzia mahakama za mahakimu, na mengi huishia huko huko: yanaondolewa, au yanalala bila hukumu. Hayo kwa sehemu kubwa hayaripotiwi. Kwa hiyo usihesabu matokeo ya utafutaji ukasema ndiyo idadi ya walioshitakiwa. Nenda kwenye masjala na namba ya kesi, au muulize wakili wa mshitakiwa.

Ukivuka mpaka, TanzLII ya Mahakama ya Tanzania na ULII ya Uganda zinafanya kazi inayofanana, nazo ni bure. Kwa Tanzania tafuta kwa lugha mbili, kwani baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili kimetiwa nguvu mahakamani na maamuzi yako kwa lugha zote mbili. Angalia pia kanuni za maudhui ya mtandaoni: watu bado wananukuu zile za 2018 wakati zilibadilishwa na za 2020, ambazo nazo zilirekebishwa 2022. Kwa Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kuhusu mawasiliano ya kuudhi, Januari 2023, katika ombi la Andrew Karamagi na Robert Shaka, lakini Bunge lilikuwa limeshaongeza makosa mapya mwaka 2022, na hayo yalipingwa kwa maombi tofauti. Soma yote mawili.

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ina tovuti yake, na hukumu yake ya Machi 2019 kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania inafaa kusomwa pamoja na hizi. Ila kumbuka inachoamua: kwamba vifungu vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na kwamba nchi ichukue hatua. Vifungu havikufutika siku hiyo. Ili kujua kilichobadilika inabidi urudi TanzLII ukasome marekebisho ya 2023.