Vikao 12 vya hipnosisi kwa ajili ya tumbo langu: uzoefu wangu

Nimesubiri miezi minane tangu kikao cha mwisho ndipo niandike haya. Nilitaka kwanza nijiridhishe kwamba nafuu niliyoipata si ile ya wiki mbili tatu, ambayo huja na kila tiba mpya halafu ikayeyuka.

Tatizo langu ni tumbo. Kwa miaka sita limekuwa likinikata na kujaa gesi, leo naharisha, kesho sipati choo kabisa. Nimepimwa damu, nimepimwa choo, nimeingizwa kamera, na kila mara jibu ni lile lile: hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Madaktari wanauita ugonjwa huu IBS. Utumbo ukiutazama ni mzima, ila maelewano kati yake na ubongo yamevurugika. Gesi kidogo, au utumbo kujikunja baada ya mlo, jambo ambalo mwingine wala halisikii, kwangu linafika kichwani kama maumivu. Anayeumwa hivi anajua inavyouma kuambiwa "huna kitu". Nilikuwa sipandi basi la safari ndefu bila kujua kwanza litasimama wapi.

Daktari wangu wa tumbo ndiye aliyenitajia hipnosisi, yaani kutulizwa na kuongozwa kwa maneno mpaka akili ikazame kwenye wazo moja, baada ya dawa za aina tatu kushindwa. Kusema kweli nilikasirika. Nilichokuwa nakijua mimi ni mtu jukwaani anayewafanya watu wawike kama jogoo. Nilidhani ananiambia kwa adabu kwamba ugonjwa wangu ni wa kujitungia.

Nikafanya kosa la kwenda kwa mtu niliyemwona kwenye tangazo. Aliahidi kutibu tumbo, uvutaji sigara, unene na hofu, vyote kwa kikao kimoja. Aliniambia maumivu yangu yanatokana na jambo la utotoni nililolisahau, na kwamba atanirudisha nyuma nilione. Nikafumba macho. Akaniuliza, "Nani yuko chumbani?" Nikasema hakuna mtu. Akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu nikaanza kuona umbo la mtu mlangoni. Nilitoka pale na picha ambayo mpaka leo siwezi kusema ni kumbukumbu au ni kitu kilichozaliwa na lile swali. Hili ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: hipnosisi haifungui ghala lolote la kumbukumbu. Kumbukumbu hujengwa upya kila tunapoikumbuka, na mtu akiwa katika hali ile huzalisha mengi, ya kweli na yasiyo ya kweli, akiyaamini yote kwa uzito mmoja. Ndiyo maana majimbo mengi ya Marekani yameuwekea ushahidi wa namna hii mipaka mikali mahakamani, au yameukataa kabisa. Mtu akikwambia atakuchimbulia siri ya utotoni, ondoka.

Wa pili alikuwa mwanasaikolojia wa hospitali, niliyeandikiwa barua na daktari wangu nimwone. Kikao cha kwanza hakikuwa na hipnosisi hata chembe. Aliuliza kama nimewahi kuona damu kwenye choo, kama napungua uzito, natumia dawa gani, na kama nimewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Hilo la mwisho alilieleza: mtu mwenye ugonjwa wa akili wa aina hiyo hafai kufanyiwa mambo haya kiholela.

Nikamuuliza, "Dokta, nisipoamka je?"

"Hutalala," akasema. "Ukipimwa mawimbi ya ubongo wakati huo, yanaonyesha mtu aliye macho."

Jina ndilo linalopotosha. Limetokana na Hypnos, mungu wa usingizi wa Wagiriki, na lilienezwa na daktari mpasuaji James Braid, aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, miaka ya 1840. Baadaye yeye mwenyewe aliona halifai, kwa kuwa kinachotokea ni akili kukaza uzi kwenye wazo moja, na mwaka 1847 alijaribu kulibadilisha. Alikuwa amechelewa.

Kisha mwanasaikolojia wangu akanipima. Vipo vipimo maalumu, na kinachojulikana zaidi kilitengenezwa Stanford, Marekani, na wanasaikolojia Weitzenhoffer na Hilgard mwaka 1959. Unaambiwa mkono wako unazidi kuwa mzito, au viganja viwili vinavutana, na anaangalia unaitikia kiasi gani. Mimi niliangukia katikati, kama watu wengi. Wachache huitikia sana, wachache hawaitikii kabisa, na hakuna uhusiano wowote na udhaifu wa akili au ujinga.

Sasa kikao chenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha kuegemea, nikakazia macho alama ndogo ukutani mpaka kope zikachoka. Alihesabu polepole, akaniambia niweke kiganja juu ya kitovu na nisikilize joto likishuka ndani. Saa ya ukutani nilikuwa naisikia. Mlango wa korido ulijibamiza, nikajua ni mlango, basi. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimenivuka nusu, nikajua kimevuka, na sikuona haja yoyote ya kukirudisha. Sina namna bora ya kuielezea hali ile. Kila kitu kipo, ila hakikuhusu. Mara ya kwanza na ya pili kiganja kilibaki kiganja tu. Mara ya tatu joto lilikuja kweli, likaenea mpaka kiunoni.

Baada ya hapo alinipa picha ya mto: utumbo ni mto, wewe ndiye unayeamua kasi ya maji. Kwangu ikawa balaa. Naogopa maji, sijui kuogelea, na tumbo lilikaza pale pale kitini. Nilipomwambia, hakubishana nami. Aliuliza mikono yangu imezoea kazi gani, nikasema kufunga mizigo. Tangu siku ile tukaacha mto, tukashika kamba yenye mafundo, ninafungua fundo moja moja. Kwa jambo hili tu ningempa nyota tano.

Njia hii ya kuulenga utumbo nayo ilikulia Manchester, mji ule ule wa Braid. Mwaka 1984 Peter Whorwell na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa wagonjwa 30 wa IBS kali. Nusu walipata hipnosisi, nusu walipata mazungumzo ya kisaikolojia pamoja na vidonge visivyo na dawa, na waliopata hipnosisi waliwaacha wenzao mbali. Idadi ni ndogo, lakini kazi iliendelea, na tangu 2008 mwongozo wa matibabu wa Uingereza unaitaja hipnosisi miongoni mwa njia za kufikiriwa kwa mgonjwa ambaye dawa hazijamsaidia kwa miezi 12.

Kilichonifungua macho zaidi ni utafiti wa Rainville na wenzake, wa mwaka 1997. Watu walitiwa mkono kwenye maji ya moto yanayouma, wakiwa katika hipnosisi, wakaambiwa karaha ya maumivu inaongezeka au inapungua. Maji hayakubadilika. Sehemu ya ubongo inayohusika na karaha hiyo ilipanda na kushuka kufuatana na maneno, wakati sehemu inayopokea hisia yenyewe ya mwili ilibaki ilivyo. Niliposoma hayo nilijiona mimi. Tumbo langu bado hujikunja. Ila halinitishi tena, na lisiponitisha halizidi kukaza.

Wiki nne za kwanza sikuona tofauti yoyote, nisikufiche. Nilitakiwa kusikiliza rekodi kila siku, na kuna siku sauti ile ile ilinichosha mpaka nikaizima katikati. Wiki ya sita nikagundua nimemaliza siku mbili bila kulifikiria tumbo. Zamani siku tano kati ya saba zilikuwa mbaya, sasa ni moja au mbili. Gesi haijaondoka. Dawa moja nimeiacha kwa ruhusa ya daktari, nyingine bado natembea nayo.

Natoa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ni kazi ndefu, na kwa sababu wataalamu waliosomea kweli ni wachache huku matapeli wakijaa tele. Muulize mtu amesomea nini hasa, udaktari, saikolojia au uuguzi, kabla ya hipnosisi yenyewe. Na usiende bila kupimwa kwanza, maana hata kansa ya utumbo inaweza kujitokeza kwa tumbo kuuma. Kwa wanaotaka kuacha sigara, tafiti hazijathibitisha kwamba inazishinda njia nyingine, kwa hiyo usikubali ahadi za kikao kimoja.

Rekodi bado iko kwenye simu yangu, naisikiliza mara mbili kwa wiki. Juzi nikiwa ndani ya basi, safari ya saa saba, tumbo lilianza kukaza tukiwa hatujafika hata nusu ya njia. Nikaweka kiganja juu ya kitovu, nikaanza na fundo la kwanza.