Kambi ya msituni kando ya mto: ipi ulipie, ipi uikwepe

Ukiingia mtandaoni kutafuta sehemu ya kupiga kambi kwenye msitu wenye mto, picha ni zile zile, hema limekaa hatua mbili kutoka majini, kijimoto kinawaka, mtu kakumbatia kikombe. Na hiyo nafasi ya kando ya maji ndo ghali kuliko zote na ndo inayowahi kujaa. Mi nshailipia mara kibao tu. Siku hizi nikibuku naomba ile ya nyuma yake, iliyoinuka kidogo, ambayo watu wengi wakipewa wanaona kama wamesukumiwa. Ngoja nizipange kuanzia ninayoipenda mpaka ile ambayo hata ukinipa bure silali.

Namba moja kwangu ni kwenye ngazi ya juu ya mto. Mito mingi ya mabondeni imekaa kama ngazi, kuna ukingo wenyewe, halafu ukipanda mita kadhaa unakuta sehemu nyingine bapa ambayo zamani hizo ndo ilikuwa njia ya mto kabla haujajichimbia chini zaidi. Hapo ndo pa kulala. Kwanza maji yakipanda usiku una muda wa kuvaa viatu. Pili ni baridi, hewa baridi ni nzito kwa hiyo usiku inateremka kutoka mlimani na kutuama bondeni, we wa chini unaamka hema limelowa kwa ndani unadhani limevuja, kumbe ni pumzi yako na unyevunyevu wa mto vimekutana kwenye kitambaa cha baridi. Wa juu anaamka mkavu. Halafu kuna suala la sauti ambalo hakuna anayelisema: mto ukiusikia kwa mbali unabembeleza, ila ukilala pembeni ya maporomoko unanguruma usiku kucha na husikii kitu kingine, mtu anaweza akapita na sufuria zako usijue.

Kasoro yake ni kupanda na ndoo. Na watoto watalalamika, hilo lipo.

Namna ya kujua kama umeinuka vya kutosha, usiangalie maji, angalia vichaka vya ukingoni. Ukikuta kwenye usawa wa kiuno kuna nyasi kavu, vijiti na kipande cha mfuko wa plastiki vimejisokota kwenye matawi, vyote vimelalia upande mmoja ambako mto unaelekea, basi ujue maji yalishafika hapo, na hayakufika kwa upole. Weka hema juu ya hiyo alama, tena juu sana.

Namba mbili ni uwazi wa pembeni mwa msitu, yaani miti iko nyuma yako na mbele kuna nafasi. Upepo unapita kwa hiyo mbu wanapungua, na jua la asubuhi linakaushia hema kabla hujafungasha. Fungua dira ya simu: nataka mashariki pawe wazi na miti iwe magharibi, hapo napata jua mapema na kivuli mchana wakati hema lingekuwa oveni. Ila kama huo uwazi una mti mmoja mrefu umesimama peke yake, usivutike na kivuli chake, radi ikija huo ndo unaanza nao. Na ukiisikia radi yenyewe, hesabu sekunde toka mwanga mpaka mlio, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika chini ya sekunde 30, toka hemani ukakae kwenye gari, hema halikingi radi hata kidogo.

Tatu ni zile kambi za huduma zilizo ukingoni, zenye vyoo, mabafu ya maji moto, soketi za umeme. Kwa anayeanza au mwenye watoto wadogo hapa panafaa na sitabisha, ila kuna maswali ya kuuliza kabla hujalipa. Wakisema "umeme upo" uliza ampea ngapi, yaani soketi inaruhusu umeme kiasi gani. Ampea 6 kwa volti 230 ni kama wati 1380, ukichomeka birika la wati 2000 unajizimia mwenyewe, na kwenye baadhi ya kambi swichi ya kuurudisha iko kwenye kaboksi kalikofungwa, na funguo anayo mlinzi aliyelala. Choo kiwe karibu lakini kisiwe jirani yako, maana ni taa, harufu na mlango unaobamizwa mpaka alfajiri.

Swali kubwa zaidi ni la njia ya kutokea. Kuna kambi moja tulilala, anga safi, nyota kibao, hakuna tone la mvua lililotudondokea, saa nane usiku mlinzi anapita na tochi anagonga mahema, amkeni mto unakuja. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani tangu jioni. Tulibeba hema likiwa bado limesimama, mmoja huku mmoja kule, mablanketi na viatu vikiwa ndani yake, na kufika barabarani tukakuta daraja lenyewe ni lile la chini chini na maji yashaanza kulipita. Hatukuvuka, tulikaa kwenye magari mpaka kukakucha. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinabeba gari dogo, 60 zinaondoka na magari mengi hata yale makubwa ya kujivunia. Kwa hiyo uliza: kuna barabara ya pili? Kuna bwawa huko juu linalofungulia maji, na wakifungulia mnaambiwaje? Mtu wa mapokezi akianza kuumauma maneno, tafuta kwingine.

Na usidanganywe na "maji yanakimbia hakuna mbu". Kweli mbu anapenda maji yaliyotuama, lakini usubi anazaliana kwenye maji yanayokimbia, na yeye anauma mchana.

Namba nne, ndani kabisa ya msitu mnene. Picha nzuri, kivuli cha kutosha, utulivu. Ila mvua ikikatika kila mtu anatoka, kwako bado inanyesha kwa sababu majani yanadondosha maji muda mrefu, sola haichaji, mtandao unakuja na kuondoka, na kupe nao wapo. Kinachoniogopesha zaidi kiko juu. Kabla hujafungua begi inua shingo uangalie: tawi lisilo na majani wakati mengine ni mabichi, tawi lililovunjika likanasa kwenye mwenzake, uyoga mgumu uliojipanga kama visosi kwenye shina. Ukiona kimojawapo hamisha hema, na tawi la namna hiyo halisubiri upepo, huwa linadondoka tu siku limechoka.

Ya mwisho ni kisiwa cha mchanga katikati ya mto, au kile kifukwe kizuri kilicho usawa wa maji. Ni bapa, laini, mgongo unafurahi, na ni hivo kwa sababu mto wenyewe ndo ulioumwaga huo mchanga na siku yoyote utaurudia. Kona ya nje ya mto nayo ni hivohivo, maji yanakula ukingo kwa chini, juu unaona majani mazuri kumbe chini hamna kitu. Na kwenye mito yenye mamba au kiboko hatujadili hata, kiboko anatoka usiku kula majani na njia yake ni ile ile kila siku, ukiiziba na hema yeye hazunguki.

Kuhusu maji ya kunywa nisirefushe, kuwa maangavu haimaanishi ni salama. Yachemshe yatokote dakika moja kamili, ukiwa juu ya mita 2000 iwe dakika tatu. Na kama kambi haina choo, shimo liwe na kina cha sentimita 15 mpaka 20, umbali wa mita 60 au zaidi kutoka mtoni.

Kwenye kubuku kwenyewe, angalia mwezi kabla ya bei. Mito inayolishwa na theluji ya milimani inajaa msimu wa kuyeyuka hata kama anga ni kavu wiki nzima. Soma rivyu za miezi ya mvua, hasa za nyota mbili na tatu, hao ndo wanaosema mahema yalikaa wapi na matope yalifika wapi. Uliza mto ukifurika wakafunga, hela inarudi au wanakusogezea tarehe, na jibu lije kwa maandishi. Mi huwa naomba na picha ya nafasi yenyewe siku ya mvua. Wengi hawana, ila kuna mmoja alinitumia kavideo anatembea na gumboots, maji yamefika kwenye vifundo, huku anasema "hapa ndo pako, ni pazuri". Nikamuomba anisogeze ngazi ya juu.