Flashi ya zilipendwa, Kariakoo: muziki safi, majina vurugu tupu

Mzee King Kikii, mwanamuziki wa dansi, alipofariki Novemba 2024, abiria wangu, hasa wa umri wa wazazi wangu, wakawa wananiomba wimbo wake Kitambaa Cheupe kabla hata sijatia gia. Naendesha teksi hapa Dar, na redio ya gari ni ya kizamani, inasoma flashi tu. Nikaenda Kariakoo kwenye kibanda kimoja cha kuchoma nyimbo, nikamwambia kijana aniwekee wakongwe wa dansi waliotutoka. Akataka elfu kumi na tano pamoja na flashi. Tukamalizana kwa kumi na mbili.

Sauti, kusema kweli, ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Zile za bendi ya Maquis hazikwaruzi; besi unaisikia mgongoni, kwenye kiti. Na Kikii yumo wa enzi zote: wa Maquis, wa Double O, mpaka wa La Capitale, yaani Wazee Sugu. Foleni ya Ubungo inakwisha hujaichukia.

Kasheshe ni majina. Kijana katengeneza folda moja, kaiita MAREHEMU, humo kawamwaga wote. Nyimbo kibao zinaitwa Track 04, Track 05. Nyimbo zote za mwimbaji Muhidin Gurumo kaziweka chini ya bendi ya Msondo, wakati mzee yule aliondoka huko 1978 kwenda kuianzisha bendi ya Sikinde, akahamia bendi ya OSS 1985, ndiyo baadaye akarudi Msondo. Mtu wa Sikinde akiona wimbo wake umeandikwa Msondo ndani ya gari yako, safari nzima ni ubishi, na nauli analipa kwa kununa.

Magomeni nilimpakia mzee mmoja, kanzu na bakora. Nikamwamkia, akaitikia, kimya. Wimbo ukaanza, kioo cha redio kikaandika King Kikii. Akanigonga begani: "Kijana, irekebishe hiyo. Anayeimba hapo ni Shaaban Dede. Yeye hawezi kukudai, lakini sisi tupo." Dede katutoka tangu Julai 2017, bado ana wa kumsemea.

Halafu huyo didjei! Sebene limekolea, mara anaingia mtu anajitaja jina na namba ya simu. Kitambaa Cheupe yenyewe imekatwa mwishoni. Mama mmoja siti ya nyuma alikuwa keshatoa leso anaipunga kama yuko ukumbini, muziki ukazima, mkono ukabaki juu. Nikaona aibu mimi.

Kuna na vichekesho vya Mzee Majuto, kaniongezea bure. Ni video. Redio ya gari itavifanyia nini?

Nilirudi kulalamika. Kijana hakuleta ubishi, akanivutia stuli tukapanga upya kwa bendi, wimbo baada ya wimbo, mimi nikisikiliza yeye akiandika kwenye kibodi iliyofutika herufi. Didjei kamtoa kwa kutafuta nakala nyingine, Kitambaa Cheupe sasa inafika mwisho. Hakunidai hata mia. Kwa hilo nampa nyota tatu. Angepanga hivyo tangu mwanzo ningempa zote.

Ukienda, nenda asubuhi kabla hajazongwa na wateja, na usikubali folda ya MAREHEMU. Flashi nunua kwingine, hii yake ikipata jua la saa nane inagoma.