Ngome ya Richmond, Uingereza: nyota 5
Jamani mkifika Yorkshire ingieni hapa, kiingilio kipo ila hela haiendi bure. Wengi wanakimbilia kupiga picha mnara, mi nilifata habari za wale jamaa 16 wa mwaka 1916 waliokataa vita kwa dhamiri zao, walitaka wasamehewe jeshi kabisa, wakapangiwa kazi zisizo za bunduki nazo wakagoma, wakafungwa humu, wakapelekwa Ufaransa wakahukumiwa kifo afu ikageuzwa miaka 10 kazi ngumu. Seli zenyewe hazifunguliwi hovyo, chokaa inabanduka, ila kwenye maonyesho unaona maandishi ya penseli ya ukutani, tenzi za dini, sura za wapendwa wao, aisee nilisimama pale machozi yananilenga. Tengeni masaa mawili.