Programu ya michezo na chemsha bongo ya skauti: inafaa, isipokuwa kwenye kutafuta kaskazini

Programu ya simu niliyoitumia na maskauti wadogo wa shule yetu hapa Morogoro imetengenezwa Ulaya, nayo inakusudia kumfundisha mtoto stadi za jadi za skauti, yaani mafundo, alama za njia, dira na uchunguzi, kwa njia ya michezo na chemsha bongo. Jina lake naliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza zinaweza kukutwa katika programu nyingine yoyote iliyoandikwa kwa ajili ya watoto wa huko.

Sehemu bora kuliko zote ni mchezo wa Kim, ambao Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliuingiza katika kitabu chake cha mafunzo ya skauti cha mwaka 1908. Vitu vidogo vidogo hupangwa juu ya sinia, mtoto huvitazama kwa dakika moja, kisha hufunikwa kwa kitambaa naye huvitaja kwa kukumbuka. Programu hii haiishii kwenye kutaja tu, bali huuliza ni kitu gani kimehamishwa na kipi kimegeuzwa. Watoto waliunasa utaratibu huo upesi, hata binti mmoja akapanga sinia lake mwenyewe lenye kizibo cha soda, punje za mahindi, kifuu na njiti ya kiberiti, halafu akawauliza wenzake kama njiti ile ilikuwa imekwisha kuwashwa au bado. Hakuna aliyejua, na mimi nikiwamo.

Alama za njia nazo zimefundishwa vizuri. Duara lenye nukta katikati, ambalo maana yake ni kwamba aliyeliacha amekwenda nyumbani, limeelezwa pamoja na picha ya kaburi la Baden-Powell huko Nyeri, alikozikwa mwaka 1941, ambako alama hiyo imechongwa kwenye jiwe.

Kwenye mafundo sifa zinapungua. Michoro ni safi na inaweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua, lakini maswali humtaka mtoto achague picha tu, hivyo anaweza kupata alama zote za fundo la kuunganisha kamba mbili za unene tofauti na bado akashindwa kulifunga akipewa kamba ya katani. Kiongozi asiyekuwa na vipande vya kamba vya kutosha mkononi asiifungue kabisa sehemu hiyo.

Kasoro kubwa hasa iko kwenye kutafuta mwelekeo. Swali mojawapo linauliza jua la saa sita mchana huwa upande gani, na jibu linalokubaliwa ni kusini tu. Jibu hilo ni sahihi kwa Ulaya, lakini Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni kivuli cha mlingoti wa bendera shuleni kwetu huangukia kusini wakati huo, kwa sababu jua lenyewe liko kaskazini. Ifikapo Desemba mambo hugeuka. Mtoto aliyetoka nje akakitazama kivuli hicho kabla ya kujibu, kama skauti anavyopaswa kufanya, ndiye aliyenyimwa alama. Swali jingine linamtaka aitafute Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu haichomozi kamwe, ilhali Msalaba wa Kusini, kundi la nyota ambalo mstari wake mrefu ukirefushwa kama mara nne na nusu hufika karibu na ncha ya kusini ya anga, haukutajwa popote. Sehemu hii niliiruka, nikaifundisha uwanjani kwa kijiti na kivuli.

Maswali yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo kiongozi ajiandae kuwatafsiria wadogo. Ukurasa wa dira haufanyi kazi kwenye simu zisizo na kihisi cha sumaku, na simu nyingi za bei nafuu hazina. Intaneti haihitajiki baada ya kuipakua, jambo ambalo ni nafuu kubwa kambini. Toleo la bure linatosha, kwani la kulipia linaongeza beji za picha tu.